Nilivyoshindwa kumweleza ndugu yangu anime ya dystopia, mama akaweza

Wakuu, niaje. Hebu kaa vizuri unisikize. Hii ni ya Jumapili iliyopita na sijaitia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Nakuru. Ndugu yangu mkubwa, Kamau, anauza mabomba ya maji town. Binti yake Njeri amepata nafasi ya kusomea Falsafa na Fasihi chuo kikuu, na ameifurahia kabisa. Kamau alitaka abadilishe aingie Nursing. Portal ya kubadilisha course ilikuwa inafungwa Jumatano.

Na lawama ilikuwa yangu. Njeri alipenda falsafa kupitia anime, hizi katuni za Kijapani, na anime nilimwonyesha mimi.

"Wewe ndiye ulimharibu na katuni," Kamau aliniambia.

Basi Jumapili tukaenda wote kwa mama yetu, huku Elementaita, tukapitia Kikopey kubeba nyama. Baada ya kula nikafungua laptop, nikawawekea episode ya kwanza ya ile Njeri anaipenda sana.

Jina siandiki, nisiwaharibie ambao hawajaiona. Ni mji msafi, hakuna wizi, hakuna kelele. Lakini kila mtu amevaa kibati shingoni, na mkubwa wake wa kazi anaingiza humo alama za tabia. Ukiwa na alama mbaya, milango haifunguki.

Kwa wageni wa mambo haya: dystopia ni jamii iliyopangwa vizuri kwenye karatasi, ila inamfinya aliye ndani. Waandishi wa anime hawakuitoa hewani.

Hilo ndilo nilitaka Kamau aone. Nikamweleza polepole kwamba mwanafalsafa mmoja aliwaza jela ya duara yenye mnara katikati, ambapo mfungwa hajui kama anaangaliwa, kwa hivyo anajichunga mwenyewe. Wengine wakauliza tutoe uhuru kiasi gani ili tulindwe. Riwaya zikachukua maswali hayo, na anime ikachukua kutoka kwa riwaya.

Kamau alikuwa anachokoa meno. "Mwalimu, hiyo yote ni sawa. Sasa atakula mnara?"

Njeri akainamisha kichwa. Nikajua nimemwangusha.

Mama naye alikuwa anaangalia tu, Njeri akimsomea subtitles kwa Kikuyu. Mpaka hapo alikuwa ameuliza swali moja, kama hawa watu wenye macho makubwa hulala.

Kisha jamaa mmoja kwenye anime akazuiwa langoni kwa sababu ya kibati chake.

Mama akasema, "Hiyo ni kipande."

"ID, mathe?" Kamau akauliza.

"Si hiyo yenu ya mfukoni. Ile ya baba yangu. Walivaa shingoni kama kengele ya mbuzi, wakati wa wazungu wa mashamba. Alienda kumzika mamake bila ruhusa, mzungu akamwandikia mtoro. Kila shamba akienda, wanaisoma, wanamrudisha."

"Guka, babu yetu? Na hukutuambia?" Kamau akasema.

"Mngesikia saa ngapi? Mko busy na mabomba." Akamgeukia Njeri. "Huyu anayeandika wengine, yeye anaandikwa na nani?"

"Shosho, hilo swali ndilo naenda kusomea," Njeri akasema.

Kamau alisogeza kiti karibu na laptop, akasema irudishwe pale langoni.

Jumatano ikafika, portal ikafungwa, na hakuna aliyeigusa. Kamau bado anaita katuni, lakini jana alinipigia kuuliza kama yule jamaa atawahi kupita.

Nilichojifunza ni kwamba nilianzia mbali. Hao wanafalsafa wako sawa, ila mtu huelewa haraka akiona kitu kilichopita kwao nyumbani.

Sasa wewe, chagua mzazi mmoja wiki hii. Mwonyeshe dakika kumi, msomee maneno, halafu muulize, "Hii umeiona wapi?" Unyamaze. Jibu lake liandike hapa chini kama alivyolisema.