Miaka Yangu ya Kutoza Faini

Siku ya kwanza nilipoingia katika klabu yetu ya huduma pale Kisumu, nilitozwa faini kabla sijaketi. Kosa langu lilikuwa kuvaa tai mpya. Nilikuwa karani wa stoo ya reli, Mmaragoli niliyepanga nyumba mtaa wa Kaloleni, na tai ile nilikuwa nimeinunua kwa heshima ya siku hiyo. Bwana mmoja mnene akagonga kengele, akasema mbele ya watu wote, "Mgeni huyu anametameta kuliko rais. Shilingi mbili." Watu wakacheka. Nikazitoa huku nikitazama mlango uko wapi.

Aliyenialika alikuwa Daktari wa Meno, ambaye mwaka huo ndiye alikuwa rais wa klabu. Akaninong'oneza, "Furahi, Adagala. Hapa mtu asiyetozwa ni mtu asiyejulikana." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa hata kidogo, na nawaambia ukweli, mengi ya klabu ile nimeyafanya kwa miaka mingi katika hali hiyo hiyo.

Nyinyi vijana mnaniuliza niliajiriwa wapi, nami nawaambia reli ndiyo iliyonilipa mshahara, lakini kazi ninayoikumbuka ni hii isiyolipa. Tulikutana kila Jumatano saa ya chakula cha mchana, katika hoteli moja karibu na stesheni. Tulikuwa mchanganyiko: madaktari, wenye maduka, walimu, makarani kama mimi. Tulipanda miti, tukapaka rangi mabenchi ya zahanati, tukawapelekea wazee miwani. Rais alishika kiti mwaka mmoja tu, Julai hadi Julai, kwa hiyo ukishazoea hasira za mkubwa mmoja, huyo anaondoka na unaanza kujifunza za mwingine.

Mwaka wa pili nikapewa kazi ya mtoza faini. Nafikiri walinichagua kwa sababu uso wangu haucheki. Nilipewa kengele ndogo ya shaba na mkebe. Nikamwendea Daktari wa Meno kumwuliza sheria za kazi, maana stoo ya reli ilikuwa imenifundisha kwamba kila kitu kina sheria.

"Sheria ni moja," akasema. "Kosa la kweli halitozwi. Mtu akikosa kweli tunamwita pembeni, tunaongea naye. Faini ni ya yule tunayempenda."

"Kwa hiyo nimtoze mtu ambaye hajakosa?"

"Ndiyo."

"Na aliyekosa nimwache?"

"Adagala, wewe toza tu, utajua mbele ya safari."

Basi nikatoza. Nilimtoza mfamasia kwa kupiga chafya mara mbili wakati sheria, nilisema, inaruhusu mara moja. Nilimtoza wakili kwa kunyamaza. Sarafu za mkebe zilinunua uji wa wazee siku za kambi zetu za miwani, na watu walicheka. Mimi nilibaki nashangaa kwamba mtu mzima, mwenye gari, anafurahi kunyang'anywa shilingi mbili na karani.

Miaka ya tisini ilipoanza, klabu ikakubali wanawake, na wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Dorina. Alifundisha shule ya msingi, mwanamke wa Kijaluo mrefu, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa. Wanachama wengine hawakujua wamkaribishe vipi. Mimi nilimtoza siku ya kwanza, kwa kuja na mkoba mkubwa kuliko wa daktari. Akalipa, akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Wewe ndiye unanitoza na tai kama hiyo?" Watu wakaangua kicheko. Toka siku hiyo tukawa marafiki.

Yeye ndiye aliyetufundisha kuendesha vizuri kambi ya miwani. Jumamosi moja kila mwezi tulikwenda Kisian, nje kidogo ya mji, tukapanga meza kwenye veranda ya kanisa, na juu yake sanduku la miwani iliyokwisha kutumika, kila moja na namba ya nguvu yake kwenye kikaratasi. Mzee anakaa, anajaribu moja baada ya nyingine, mpaka apate inayomfaa. Hapo mwanzo tulikuwa tukiwapa Biblia ya Kijaluo wasome. Kila mtu alisoma vizuri ajabu, tukawa tunajisifu. Mwalimu Dorina akaja, akamtazama bibi mmoja akisoma kwa sauti nzuri kabisa, halafu akaichukua ile Biblia taratibu na kuigeuza, maana ilikuwa imeshikwa juu chini.

"Hawa wanajua hii maneno kwa kichwa," akatuambia. "Mnapima kichwa, hampimi macho."

Kuanzia hapo tukaacha Biblia. Alileta ungo, akamwaga omena, wale dagaa wa ziwani, na bibi akaambiwa atoe changarawe na vijiti. Akiviona na kuvitoa, miwani ni yake. Wanaume walipewa sindano na uzi wa nyavu. Mwalimu alikaa mbele ya kila mmoja, magoti kwa magoti, akiwatania kwa Kijaluo hadi wasahau kuona aibu ya kutoona. Nilimwona akiwa na furaha pale kuliko mahali pengine popote.

Halafu mumewe akafa. Alikuwa fundi wa injini za boti, mtu mpole, aliyeugua muda mfupi tu. Klabu nzima tulikwenda mazishini, tukabeba viti, tukachemsha chai. Miezi kadhaa ikapita, ndipo Mwalimu Dorina akarudi Jumatano moja, amevaa nguo nyeusi, akaketi mahali pake pa zamani.

Rais mwaka huo alikuwa Bwana wa Vyuma, Mhindi mwenye duka la misumari na mabati, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinivuta kando kabla ya chakula. "Adagala, hii maneno ya faini, huyu mama wacha kabisa. Na Kisian asiende kwanza, apumzike. Tumpe heshima."

"Mpaka lini, Bwana Rais?"

Akafikiri. "Hiyo sijui. Kwetu sisi kuna siku zake. Kwa Wajaluo kuna taratibu zao. Uliza wao."

Nikawauliza. Mwanachama mmoja akaniambia mjane haingiliani ovyo na watu mpaka mambo ya nyumbani kwao yakamilike. Mwingine, mzee wa kanisa, akasema hayo ni ya zamani, lakini kumcheka mjane ni dhambi. Wa tatu akasema hajui, ila yeye hangemtania, maana hujui kitakachotokea. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na zote ziliishia mahali pamoja: mwache. Nikamwacha. Je, ilikuwa heshima au ilikuwa woga? Mimi sikuweza kutofautisha, na sidhani wao waliweza.

Kambini nikawekwa mimi kwenye kiti chake. Ilikuwa aibu. Sikujua Kijaluo cha utani, wazee wakakaa kimya mbele yangu, na nikampa mzee mmoja miwani ya nguvu kupita kiasi. Aliondoka amefurahi, akavuka ua wa kanisa akiinua miguu juu kama anayepanda ngazi. Tulimkimbilia kabla hajafika barabarani.

Wakati huo huo Mwalimu Dorina akaanza kufanya mambo ambayo yalinitia wasiwasi. Jumatano moja alikuja bila beji yake ya klabu, na kukosa beji kulikuwa kosa la kwanza kabisa katika vitabu vyetu. Nikatazama pembeni. Jumatano iliyofuata alichelewa, akaingia wakati rais anazungumza, akaburuta kiti kwa kelele. Watu wakamsaidia kukivuta. Ya tatu alikatiza hotuba ya mgeni kumwomba chumvi. Akapewa chumvi, na pilipili pia. Ya nne alikuja na viatu visivyo ndugu, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, akaenda moja kwa moja kuketi kwenye kiti cha rais. Bwana wa Vyuma akatabasamu kwa upole, akachukua sahani yake akakaa kwingine. Niliamini huzuni imemvuruga akili. Niliumia sana, nikakosa hata hamu ya chakula.

Nilipotoka akanikuta nje, kwenye ngazi.

"Bwana Adagala, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, Mwalimu."

"Ndio nakuuliza. Nimekaa kwa kiti ya rais na hamsemi kitu. Kwani ni mimi nilikufa, ama ni bwana yangu?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nyumbani mimi ni mjane. Kanisani ni mjane. Shuleni watoto wameambiwa wasipige kelele kwangu. Hapa ndio nilikuwa nakuja kuwa Dorina. Kama hapa pia hakuna, niambie nisisumbue watu. Jumatano moja nitajaribu tena, halafu basi."

Nilikwenda nyumbani Kaloleni akili ikinizunguka. Mke wangu Roda alikuwa akichambua mboga. Nikamweleza yote, sheria ya daktari, amri ya rais, viatu, kiti. Nikamwambia nikimtoza nitamvunjia heshima mjane mbele za watu, na nisipomtoza ataondoka, na vyote viwili vinaonekana vibaya.

Roda hakuinua macho. "Mtu akiacha kutaniwa, ameshawekwa kando na sahani zisizotumika," akasema. "Lete hiyo sufuria."

Jumatano ile nilifika mapema, kengele mfukoni imelowa jasho la mkono. Mwalimu Dorina alikuja kwa wakati, na beji, na viatu vinavyolingana. Hilo lilinitisha kuliko mengine yote, maana niliona amekuja kuaga. Chakula kikaliwa. Rais akaniita nitoze faini za siku. Nikamtoza mfamasia, nikamtoza wakili. Halafu nikagonga kengele mara ya tatu, na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Mwalimu Dorina. Jumatano iliyopita ulikuja na viatu visivyo ndugu. Umeaibisha klabu mbele ya wahudumu wa hoteli. Shilingi mbili."

Hakuna aliyecheka. Bwana wa Vyuma akaweka kijiko chini. Mzee wa kanisa akanitazama kama niliyekojoa madhabahuni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mimi nilikuwa nikiungojea huo mshindo unibomokee kichwani.

Mwalimu akafungua mkoba wake mkubwa. Akatafuta ndani yake muda mrefu, uso umeinama, na sikujua kama analia. Mwishowe akainua kichwa.

"Hiyo faini ni kidogo," akasema. "Beji, kuchelewa, chumvi, kiti ya rais, viatu. Makosa tano. Wewe mtoza faini, umelala kazini mwezi mzima. Lipa wewe kwanza."

Akaanza kucheka, na machozi yakimtoka wakati huo huo, na hakuyafuta. Bwana wa Vyuma akacheka baada yake, halafu meza nzima. Nikalipa. Naye akalipa makosa yake yote, akizitumbukiza sarafu kwenye mkebe moja moja ili tuzisikie. Kisha akaniambia, "Na Jumamosi mimi ndio nakaa na wazee Kisian. Nimesikia ulifanya mzee akapanda ngazi hewani."

Mzee wa kanisa hakunisalimu kwa majuma kadhaa. Alisema nilicheza na mambo nisiyoyajua, na hapo sikuweza kumbishia, kwa sababu kweli sikuyajua. Nilitoza tu.

Nilistaafu reli miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikabaki Kaloleni, nikaendelea na klabu. Marais walinipita mmoja mmoja kila Julai, na kengele ikaenda kwa binti mmoja wa benki, mchangamfu, ambaye alinitoza kila juma kwa kuvaa kofia ya zamani. Halafu Roda akafariki. Tulimzika kwetu Maragoli, na klabu ilikuja na viti na ikachemsha chai, kama tulivyozoea kufanyia wengine.

Niliporudi Jumatano, nilipewa kiti kizuri karibu na dirisha. Mtu akanikatia nyama. Binti wa kengele alitoza watu wote, akafika kwangu, akaiona ile kofia, macho yakamjaa huruma, akapita. Juma la pili akapita tena. Watu walikuwa wakiniongelesha polepole kama wanaoongea na mgonjwa. Nilikaa pale na chakula kitamu mbele yangu, nikiwa mpweke kuliko nilivyokuwa nyumbani, na ndipo nilipovielewa vile viatu viwili, cheusi na cha kahawia.

Juma la tatu nikaiacha beji nyumbani. Nilikuwa mzee, nimestaafu, na moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyeficha kitu. Chakula kikaliwa. Faini zikatozwa. Binti akanifikia, akasita, akanitabasamia, akapita.

Kutoka mwisho wa meza, sauti ile ya kunyamazisha darasa ikasema, "We mtoza faini, rudi nyuma. Huyo mzee wa dirishani hana beji. Unamwogopa?"

Binti akageuka, hajui afanye nini. Nilimwonea huruma, maana naijua hali hiyo vizuri.

"Toza," Mwalimu Dorina akamwambia. "Huyo ni mtu wetu."

Kengele ikalia. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu, na nilishindwa kuziona kwa sababu ya machozi, ingawa nilikuwa nimevaa miwani.