Tonge la Baba

Kwa watu wa baba yangu, mwanamume hali chakula akakimaliza. Anaacha tonge moja la ugali kwenye sahani, analibonyeza kwa kidole gumba, na ndani ya kishimo kile anaweka harage moja. Hilo ni la mtoto mdogo. Kwetu lilikuwa limeshapita kwangu, likapita kwa mdogo wangu wa kiume, na mwaka ule lilikuwa la kitinda mimba, msichana wa miaka mitano aliyelisubiri kama watu wazima walivyosubiri sukari dukani.

Nalitaja mapema kwa sababu bila tonge hilo hamtaelewa nilichomfanyia mama yangu.

Baba alipiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi hapo Kampala. Yeye alitoka kaskazini, mama ni wa huku huku, kila mmoja na lugha yake, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili. Kiswahili cha kota za polisi, msinicheke. Shule niliishia darasa la saba. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka kuwa msichana wa ndege, wale wanaohudumia abiria. Wadogo zangu niliwapelekea chai juu ya mfuniko wa sufuria, nikawaambia wafunge mikanda, tunapita juu ya ziwa.

Miaka ile ya utawala wa jeshi, watu wa kaskazini walianza kuitwa mmoja mmoja. Waliitwa mchana, tena kwa adabu. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walimkuta baba uani ananyoa ndevu.

"Afande, njoo kidogo tu. Tuna swali," mmoja alisema.

Baba aliomba amalizie shavu la pili. Wakamwambia hakuna haja. Aliingia kwenye gari lao na povu la sabuni upande mmoja wa uso.

Siku ya tatu mama alipata habari kwamba yuko kambini, juu ya kilima, ng'ambo ya soko letu. Kumwona haikuruhusiwa, ila chakula kilipokelewa. Asubuhi wanawake walipanga foleni getini na mabakuli, kila moja limefungwa kitambaa chenye alama ya mwenyewe. Saa kumi jioni yalirudishwa matupu. Mama alipeleka asubuhi kabla ya kwenda kufua nguo za watu, mimi nilichukua jioni. Na kwa kuwa geti lile halikuwa mahali pa msichana, mama alinivalisha gomesi la jirani, lile gauni pana la mikono iliyosimama la wanawake wa huku, akanipaka majivu kwenye nywele, akaniambia nitembee nimejishika kiuno.

"Na ukijisahau ukaruka mfereji kama mbuzi, shauri yako," alisema.

Niliigiza ubibi mpaka askari wa geti akaamini. Alikuwa mnene, mchekaji, muda wote anatafuna muwa. "Bibi, kamata sahani yako. Ambia mupishi aongeze pilipili!" Hapo tulijua kwamba na wao walikula humo. Hakuna mwanamke aliyecheka.

Jioni ya kwanza nilifungua bakuli njiani. Tonge lilikuwepo, limebonyezwa, na harage lake. Nilikimbia na gomesi lote, bibi mzima, nikauruka mfereji.

Mama alipokea bakuli. Alimpa mdogo wetu tonge lake, akakaa kumwangalia anavyolitafuna hadi mwisho. Kisha akaloweka maharage ya kesho.

Wiki tatu tuliishi hivyo. Kota ilikuwa inapungua. Mlango huu una kufuli, ule pazia limebaki linapepea na ndani hamna mtu. Watoto walicheza bila kupiga kelele, jambo ambalo hakuna aliyewafundisha. Mama alikuwa na sheria zake: uani pafagiliwe kila asubuhi, mashati ya baba yapigwe pasi kila Jumamosi, na asilie mtu kabla kazi hazijaisha. Kazi zenyewe hazikuisha. Nilimwona kama nguzo, na nikaazimia kwamba nguzo hiyo sitaiacha itikiswe na kitu.

Jumanne moja askari hakuniita bibi. Alinipa bakuli akiangalia pembeni, muwa umetulia shavuni. Nilifungua kitambaa chini ya ukuta wa soko. Bakuli lilikuwa safi. Limefutwa na kidole cha mtu mwenye njaa, au mtu asiye na mtoto.

Labda anaumwa, nilijiambia. Labda leo alikula gizani. Nilisimama pale nikitunga labda zangu mpaka zikaisha. Karibu yangu mama mmoja alikuwa akiwapikia wapakua mkaa posho, ugali wa huku, na maharage. Nilimwomba tonge moja. Alinitazama majivu ya kichwani, akanipa mawili. Moja nilimeza. La pili nililibonyeza. Kidole changu ni chembamba, ikabidi nibonyeze mara mbili ili shimo lifanane. Nikatia harage.

Nyumbani mdogo wangu alitafuna, akasimama ghafla. "Leo baba ametia chumvi!"

Chumvi ilikuwa adimu siku hizo kuliko nyama. Mama aliinua kichwa. "Chumvi?"

"Labda wamepata huko," nilisema.

"Basi wanawatunza," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kunyoa, alitabasamu.

Kwa tabasamu hilo, kesho yake nilifanya tena. Bakuli safi, tonge langu, harage langu.

Alhamisi alikuja jirani, mwenye gomesi, ambaye mume wake alichukuliwa kabla ya baba. Kaka yake aliendesha lori la mkaa, na Ijumaa mbili zilizofuata angefika mpakani. Baada ya hapo petroli ingekuwa imekwisha. Alikaa kwenye kigoda bila kuegemea ukuta.

"Shoga, wameanza kuchukua na wake. Na watoto wakubwa. Kesho panda na wanao."

"Na chakula atampelekea nani?"

"Shoga, hatujui kama huko ndani..."

"Mimi najua. Tonge lilirudi jana. Nimeliona kwa macho yangu."

Jirani alinigeukia. Mimi nilikuwa natazama kucha za miguu yangu. "Haya," alisema, akainuka. "Nitakungoja Ijumaa ya pili. Baada ya hiyo, sina namna."

Ijumaa ya kwanza lori liliondoka, sisi na jirani tukabaki. Jumatatu, saa sita mchana, walimchukua mwanamke wa mlango wa tatu kutoka kwetu, mboga ikiwa jikoni. Ile mboga iliungua. Harufu ilikaa uani mpaka jioni na hakuna aliyethubutu kuingia kuepua. Nilikaa nikiinusa, nikahesabu milango: wa tatu, wa pili, wetu. Na kilichotushikilia hapo ni kidole changu.

Jumanne nilibonyeza tonge tena, ukweli sikuusema. Jumatano nilifungua mdomo nikauliza kama nilete maji. Nilikuwa naogopa uso wa mama kuliko nilivyoogopa wale wenye miwani, nawaambieni ukweli.

Alhamisi alichukua bakuli la maharage kwenda kuyaloweka.

"Mama, usiloweke."

"Kwa nini?"

"Tonge ni langu."

Hakuelewa mara moja. Aliangalia mikono yangu, akakiona kidole gumba, akaweka bakuli chini polepole sana.

"Tangu lini?"

"Jumanne. Si hii. Ile nyingine."

"Siku kumi," alisema.

"Nilitaka usiumie, mama."

"Nani alikutuma unizuie kuumia? Mimi ni jiwe?" Sauti yake ilikuwa ya chini, kuta za kota ni nyembamba. "Siku kumi nimecheka na mtoto huyu. Siku kumi nimepeleka chakula, wakala wale. Umeninyima siku kumi za kumlilia mume wangu, na hapa sasa siwezi kulia, watanisikia."

Nilipiga magoti. Hakunipiga, hakuniinua. Alisimama akiangalia ukutani, mahali ambapo sare ya baba ilitundikwa, na mabega yake yalishuka. Nilikuwa nimeishi na mama yangu miaka kumi na saba nikidhani nguvu zake ni kutoshuka mabega.  Kisha akajifuta uso kwa khanga.

"Fungasheni. Kila mtu nguo mbili."

"Na mashati ya baba?" mdogo wangu wa kiume aliuliza.

"Nimesema nguo mbili."

Ijumaa tulikaa ndani ya lori, juu ya magunia matupu, sisi wanne na jirani na wanawe. Vizuizi vilikuwa vingi barabarani. Kwenye cha tatu tulimwona mwanamke ameshushwa kwenye basi, amekaa chini peke yake na mzigo wake. Alikuwa amewaambia askari mume wake yuko kambini, kondakta wa basi lile alituambia kwa kunong'ona, wakamjibu basi atangoja mpaka waulizie.

Kizuizi cha nne, askari mmoja kijana alipanda tairi, akachungulia.

"Wewe mama. Bwana yako iko wapi?"

 Wiki tano mama alijibu swali hilo kwa kila mtu, kidevu juu: yuko kambini, karibu atatoka.

"Alikufa," mama alisema.

"Ya nini?"

"Homa."

"Lini?"

"Leo siku ya kumi na moja."

Askari alimtazama. Uso wa mama ulikuwa umevimba, wa mtu aliyeanza msiba jana. Hauwezi kuigizwa uso ule. Najua, mimi ni mwigizaji.

"Pole, mama," alisema, akashuka, akapiga bodi ya lori kwa kiganja. Tukaondoka.

Mdogo wetu wa mwisho alimvuta mama nguo. "Baba alikufa?"

"Ndiyo."

"Kwa homa?"

"Hapana."

Lori lilikuwa linapanda mlima likinguruma, na mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, sikuwa nimewahi kumsikia. Jirani alimshika mabega, wadogo zangu wakajitupa mapajani kwake. Mimi nilimshika mguu, hapo tu ndipo mkono wangu ulipofika, na hakuuondoa.