Nilificha zebaki kwenye mtungi wa maji ya kunywa, mama mkwe akavunja mwiko kutuokoa

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, sina nguvu ya kutunga uongo. Haya yalinikuta mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Niliishi kambini na mke wangu, Mama Kabula, na binti yetu Kabula, wa miaka miwili.

Zebaki ilikuwa adimu, na bila zebaki huikamati dhahabu iliyo kwenye mchanga. Wezi walipekua godoro, nyasi za paa, hata debe la unga.

Sehemu moja tu hawakugusa: mtungi wa maji. Kwa tulivyolelewa sisi Wasukuma, mtungi ni wa mama wa nyumba. Mwanaume kuzamisha mkono humo ni aibu.

Basi nikaificha humo humo. Nilitia zebaki kwenye chupa ya dawa, nikaiziba kwa gunzi, nikaizamisha hadi chini.

Hapa ndipo penye kosa langu. Nilisoma hadi form four pale Shinyanga. Mwalimu alituonyesha zebaki darasani, akasema ni sumu. Nilijua! Nikajidanganya kwamba ni nzito, itakaa chini, na sisi tunachota juu kwa kata.

Tena dhahabu iliyoshikana na zebaki nilikuwa naichomea jikoni, ndani ya nyumba hiyo hiyo, ili zebaki itoke kwa moshi ibaki dhahabu tupu.

Baada ya miezi, Mama Kabula akaanza kutetemeka mikono, fizi zinatoka damu. Kabula akaacha kutembea. Jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi, na viganja vikabambuka ngozi.

Nikaenda kupiga ramli. Wakuu, naona haya kuandika: nilianza kumshuku mama mkwe wangu uchawi, kwa sababu tu macho yake yalikuwa mekundu. Macho ya moshi wa kuni!

Yeye aliposikia mjukuu anaumwa, alitoka kwao Songwa akaja. Kwa heshima yetu, mama mkwe haingii ndani kwa mkwewe wala hasemi naye moja kwa moja. Alikaa uani, mimi napasua kuni hatua tatu kutoka kwake, na mke wangu ndiye mjumbe.

"Mama Kabula, muulize mwenye nyumba, maji mnachota wapi?"

"Mwambie mama, kisima kile kile cha watu wote," nikajibu.

"Mwambie watoto wa jirani nimewaona wanakimbizana na mbuzi. Kisima kimoja, mbona ugonjwa uko nyumba moja?"

Nikainamia kuni zangu. Mama mkwe akainuka, akaingia ndani, akautoa mtungi na kuumwaga wote uani.

Chupa ikatoka, gunzi limeoza. Matone ya zebaki yakakimbia kwenye udongo, yanang'aa kama macho ya samaki.

Akanigeukia. Mara ya kwanza tangu nioe, akanitazama usoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakunitukana. Alimbeba Kabula mgongoni, akamshika mwanawe mkono, wakaenda hospitali. Daktari alisema moshi wa kuchomea ndani ndio ulioumiza zaidi, na maji yale yaliongeza. Akatuambia tuihame nyumba ile.

Nikaacha uchimbaji, nikahamia nyumba nyingine. Wao wakakaa Songwa mwaka mzima. Kabula alitembea tena, na leo ana wajukuu. Mke wangu alipona, ila mtetemo wa mikono haukuisha wote. Akitaka kutunga uzi kwenye sindano, hadi leo ananiita mimi. Naenda mbio.

Waliporudi kwangu, mama mkwe aliwasindikiza. Akakaa uani. Kisha akasema, "Mama Kabula, mwambie mwenye nyumba nina kiu."

Nikachota mwenyewe kwenye mtungi mpya, mbele ya majirani, aibu au si aibu. Nikampa binti yetu kata ampelekee. Mama mkwe akanywa yote, akaipindua kata kunionyesha haina kitu.

Sijawahi kusamehewa vile tena. Mungu amlaze pema.

Nilichojifunza: elimu usiyoitumia nyumbani kwako haina tofauti na ujinga, na ina aibu zaidi.

Ndugu zangu mlioko machimboni leo, Katoro na kwingineko, zebaki mnaiweka wapi, na mnachomea wapi? Nijibuni hapa hapa. Anayetaka kunisema na aniseme, nimestahili.