Vespa ya Baba na Mafuta ya Ufuta

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Nachingwea mtaniunga mkono, pikipiki ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Siyo leo, kijana anakabidhiwa bodaboda asubuhi, jioni taa imepasuka na plagi hajui iko upande gani. Kwetu Mtua vespa ilikuwa moja tu, ya baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa ndogo, ya Kitaliano, kijani kilichochujuka, magurudumu kama ya toroli. Aliinunua kwa mwalimu mwenzake aliyehamishwa, na tangu hapo Jumamosi zetu zikanukia petroli. Baba aliilaza ubavu juu ya gunia, mimi Zuhura, mtoto wake wa kwanza, nikamshikia spana, wadogo zangu wakila korosho za kuchoma mpaka midomo myeusi. Waya wa klachi ukikatika aliweka wa breki ya baiskeli. Watu wakisifu, alijibu, "Usione vyaelea, vimeundwa."

Nilijivuna nayo mno, ndiyo maana aibu iliponipata ilinipata sawasawa.

Baba mdogo Selemani alikuwa anaoa Ruangwa. Wakwe walikuwa watu wa mikorosho mingi, na maneno yao yalishatufikia: eti sisi wa Mtua tuna shule kichwani na njaa tumboni. Yakamkaa baba rohoni. Ndugu walitangulia siku moja kabla kwa lori la mazao, lakini yeye akaapa bwana harusi hatashushwa kama gunia. Atafika kwa vespa.

Sasa vespa, kwa wasioijua, petroli yake huchanganywa na oili. Ile miaka ya uhaba sabuni tu ilikuwa ya foleni, sembuse oili. Baba alihangaika hadi Nachingwea mjini akarudi na petroli peke yake. Asubuhi ya safari akaingia jikoni, akatoka na chupa ya mafuta ya ufuta.

"Baba Zuhura, hayo ya kukaangia," alisema mama, aliyekuwa anabaki na mtoto mchanga.

"Mama Zuhura, mafuta ni mafuta."

Nikasimama mbele, katikati ya mikono ya baba. Baba mdogo akakaa nyuma na kanzu yake. Vespa ikawaka kwa kiki ya kwanza, baba akamtupia mama jicho la ushindi. Kijiji cha kwanza tu tukaanza kuelewa. Moshi ulikuwa unanukia maandazi! Watoto walitukimbilia nyuma wakiuliza bei. Mwanamke mmoja aliacha kutwanga akatoka na sahani. Baba alikaza macho mbele, mimi nikaanza kutazama miguu yangu.

Tulipofika Ruangwa, nyumba ya wakwe tunaiona, mkeka umetandikwa na shehe ameshaketi, vespa ikakohoa ikazima. Baba akailaza palepale barabarani, akafungua plagi. Ilikuwa imeganda ukoko. Akaisugua, akapiga kiki, akasugua tena, na kanzu yake nyeupe ikajaa alama za vidole. Wanawake wa upande wa bibi harusi hawakutuonea huruma. Walitoka na vigelegele na wimbo walioutunga hapo hapo: "Bwana harusi kaja na kikaango! Shemeji, maandazi yako wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea aibu baba yangu, mtu niliyekuwa namwona hana mfano. Nikajificha nyuma ya kanzu ya baba mdogo.

"Kaka, tuiache, twende kwa miguu," baba mdogo alinong'ona.

"Tukiiacha watakuja kuichekea hapa. Sukuma."

Tukasukuma wote watatu, wimbo ukitufuata mpaka mlangoni.

Baba wa bibi harusi akasimama. Neno moja tu la dharau kutoka kwake, tungegeuza na bwana harusi wetu. Baba akanyoosha kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyechafuka kiganja. Mzee akakitazama kile kifundo. Kisha akakiacha, akashika kiganja chenyewe, akakibana kwa mikono yake miwili.

"Mmefika," alisema. "Karibuni kwenu."

Wimbo ukakatika. Mzee hakunawa. Alikaa mkekani, akampa baba mdogo mkono ule ule wenye masizi, akamwozesha binti yake.

Baba ameshatangulia mbele za haki na vespa ni yangu. Naifungua mwenyewe, vipuri nachongesha. Vijana wa bodaboda wananiambia, "Mama, hiyo kauze chuma chakavu," halafu zao zikitoa mlio mgeni wanampigia fundi simu. Oili siku hizi imejaa madukani. Hata hivyo, nikipita penye maandazi uso bado unaniwaka, mtu mzima mwenye wajukuu. Na mgeni akinikuta kwenye gunia langu na spana, namnyooshea kifundo. Hukigusa kwa vidole viwili, simu mkono wa pili, kisha hujifuta kwenye suruali. Kiganja hakuna anayekiulizia.