Wakili Juu ya Duka la Rangi

Wakili wa watu waliofilisika ana chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mteja akiingia, hamwulizi kitu. Hunyoosha mkono apewe barua za wadai, maana anajua wengi huja nazo hawajazifungua. Huzifungua moja moja kwa rula, hulainisha kila karatasi kwa kiganja, halafu husema, "Haya, na hii tumeiona." Husema hivyo hata kwa barua ya kutisha namna gani.

Nilimpeleka dada yangu, fundi cherehani, baada ya mawakili wawili kututaka tulipe nusu ya ada yao papo hapo. Dada alikuwa amejiandaa. "Nimepata mtu wa kununua cherehani yangu," alisema, macho chini. "Kesho nakuletea hela yako yote."

Wakili akaiweka rula mezani, sauti ikampanda. "Usithubutu! Cherehani ya kazi, sheria inakuachia. Wadai wako hawaruhusiwi kuigusa, halafu mimi ndiye niichukue?" Akaona haya kidogo, akavuta daftari. "Utanilipa kila mwezi, kadiri unavyoshona."

"Na mwezi nikikosa?"

"Utanipigia uniambie umekosa. Usinifiche tu."

Dada, ambaye kwa miezi minane alikuwa akiizima simu kila wadai wanapopiga, akamtajia namba yake polepole, tarakimu moja baada ya nyingine.