Maji ya Bwana Mkubwa

Dobi alikuwa na uchovu ule usioisha kwa kulala. Kutwa yuko na mabeseni, anafua, anaanika, anapiga pasi nguo za watu. Na asubuhi na jioni, paka akishakula, humdunga sindano ya insulini. Paka mwenyewe, Bwana Mkubwa, dobi aliachiwa na marehemu mumewe. Kisukari kilimpata uzeeni.

Wiki hiyo sukari ilikataa kushuka. Alimtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo, namba ikawa kulekule juu. Paka akajilaza chini ya meza ya pasi, macho yamemwingia ndani, ukimwita hata sikio halichezi.

"Wifi, si umwongezee dawa?" alisema dada wa marehemu, aliyeishi naye. "Unampimia kama manukato. Anakwenda harusini?"

"Niache, wifi. Mikono imeshachoka, usinichoshe na masikio."

Lakini maneno yalimwingia. Jioni alivuta dawa kupita kawaida, akainua sindano, mkono ukasita. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, akaiweka chini. Akamfunga paka kwenye shuka kuukuu, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Daktari akaivuta ngozi ya shingoni. Ikabaki imesimama, hairudi. Akagusa ufizi: mkavu, unanata.

"Mama, huyu anakunywa maji?"

Dobi akainamisha uso. "Nilimwondolea bakuli. Akinywa anakojoa, akinywa anakojoa, juu ya nguo za watu nilizokwisha kuzikunja! Nafua, nafua tena. Nikaona nimpe kidogo tu, asubuhi."

"Sukari ndiyo inayomkojoza, mama. Ikiwa juu, inatoka na maji ya mwili. Ukimnyima, anakauka. Na akikauka, damu haipiti vizuri kwenye ngozi, basi insulini inabaki palepale ulipodunga. Dawa ipo, haifiki."

"Nilikuwa karibu kumwongezea, daktari. Sindano nimeiacha mezani."

"Shukuru uliiacha. Ungemdunga, maji yangerudi mwilini, dawa yote ikashika, sukari ikaporomoka. Hapo ungempoteza."

Dobi akatafuta kiti.

Paka alilazwa hapo, akatiwa dripu. Kesho yake dobi alirudi mapema, hata chai hakugusa. Alimkuta Bwana Mkubwa ameinua kichwa, anamtazama kama aliyecheleweshewa chakula. Sukari ilikuwa imeanza kushuka, kwa dozi ileile ya zamani. Hajapona, daktari alisema, ila njia ameiona.

Paka aliporuhusiwa kurudi nyumbani, dobi akajaza bakuli la maji mpaka juu, akaliweka mbele ya paka. Kisha akajivuta kwenye meza ya pasi, akasimama tu, pasi mkononi, haiendi mbele wala nyuma.

Wifi akamtazama, akainyakua.

"Kalale."

"Wewe hujui kupiga kola."

"Zitatoka na makunyanzi, watavaa hivyohivyo. Nenda, wifi."

Akaenda.