Tairi la Uwanjani na Mchanga wa Tongoni

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja asubuhi nilipokaa barazani kwa Fundi Yohana pale Mabawa, tairi moja mkono wa kulia, jingine mkono wa kushoto, na kichwa katikati kisijue kiende wapi. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa kijana wa kazi katika korona, kiwanda cha kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi. Nilikuwa na darasa la nne, na haya kubwa kuliko mimi. Mtu akinisalimu njiani nilimjibu, lakini jibu lilitoka akiwa amekwisha kupita.

Kitu ambacho sikukionea haya kilikuwa baiskeli. Kila mwaka mashamba ya mkonge yalishindana mbio kuzunguka uwanja wa mpira, kwenye njia iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Mwaka uliotangulia nilikuwa wa pili. Mwaka huu nilitaka kuwa wa kwanza, na sababu yake niliijua mimi na Mjomba Kombo tu. Kule Tongoni alikuwako binti, jina lake Mwanaidi, wa Mzee Bakari. Nilimwona arusini kwa jamaa zetu nikashindwa hata kumuuliza hali. Kaka zake walipenda mbio, hawakukosa uwanjani. Nikajiambia: ulimi wangu ni mzito, basi miguu na inisemee.

Mjomba aliposikia alicheka. "Miguu haiposi, Athumani. Nitakayeposa ni mimi."

Akakubali kuwa mshenga. Safari ya posa ikapangwa Jumamosi, mbio zilikuwa Jumapili, na baiskeli ni hiyo moja. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Baiskeli yangu ilikuja na magurudumu ya inchi ishirini na nane, matairi yake mapana, inchi moja na nusu. Bwana Karim, mwenye duka la vifaa vya baiskeli mjini, akanionyesha magurudumu ya ishirini na sita, matairi yake inchi moja na thumuni tatu. Thumuni niliyoijua mimi ni ya kununulia sukari. Hii ya kwenye tairi, sehemu ya nane ya inchi, ilinishinda.

"Dogo, jepesi," akasema Bwana Karim. "Ukikanyaga mara moja, limeshaondoka. Wenzako bado wanajikokota."

Nikampelekea Yohana magurudumu hayo. Yohana alikuwa Mshambaa, Mlutheri, mtu wa maneno machache na mikono myeusi kwa grisi. "Bwana Karim hakudanganyi, mdogo wangu," akasema. "Dogo huondoka upesi. Lakini kubwa likishachanganya, kila mzunguko linakula njia ndefu zaidi. Tena baiskeli hii ilizaliwa na ishirini na nane. Ukiivisha dogo itakaa chini, pedali zitakaribia ardhi. Kwenye kona utalima."

"Sasa nifanye lipi?"

"Mimi ni fundi. Nifunge lipi, useme wewe."

Wenzangu wa korona nao walikuwa na lao. Mmoja akaniambia nibaki na ishirini na nane ila nitafute tairi jembamba. Nikalipata, limeandikwa ishirini na nane kama langu, likakataa katakata kuingia kwenye rimu. Namba ile ile, tairi halikai! Nikamtazama Yohana kama mtu aliyedhulumiwa. Akasema, "Namba hiyo ni kama jina la ukoo. Ndugu wa ukoo mmoja si lazima wavae kofia moja."

Mwanangu, ingekuwa rahisi kama mmoja wao angekuwa mwongo. Taabu ni kwamba wote walisema kweli. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, nami nilikuwa ndicho chombo.

"Amua," Yohana akasema. "Kesho nina kazi za watu, na keshokutwa nina kanisa. Jumapili sifungi hata parafujo."

Nikaona moyoni watu wanashangilia uwanjani, nikaona kaka zake Mwanaidi wananiuliza jina. Nikamwambia afunge yale madogo, membamba. Akayafunga, akashusha breki zifike kwenye rimu, akajaza upepo hata ukilipiga tairi kwa kidole linalia. Kabla sijaondoka akaniita. "Ukifika kona, pedali ya ndani iwe juu. Usisahau."

Jumamosi Mjomba akatoka amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kutariziwa. Mkononi alikuwa na leso, ndani yake tambuu, popoo na chokaa, kama ilivyo desturi ya posa: baba wa binti akiifungua, amekubali. Desturi yetu nyingine ni kwamba mwoaji hajipeleki. Mshenga huingia, huzungumza, na mwoaji hukaa mbali, hata kivuli chake kisionekane. Nilikusudia kumshusha Mjomba mwanzo wa kijiji, kisha nijifiche.

Akapanda kwenye keria. Miguu yake ikaburura. "Leo baiskeli imekuwa fupi," akasema, "au mimi ndiye niliyekua?"

Nikakanyaga, tukaondoka. Barabara kuu ilikuwa ya kokoto, na matairi yale hayakuficha kitu. Nilisikia nyuma yangu, "Hili kokoto nimelijua. Na hili ndugu yake." Nikazidi kukanyaga, shingo imeniwaka kwa haya.

Tulipokata kushoto kuelekea pwani, mchanga ukaanza. Gurudumu la mbele likazama kama kisu kwenye boga lililoiva.

"Punguza upepo," Mjomba akasema. "Tairi gumu mchangani ni kama mtu wa kiburi msibani, hana pa kukaa."

Nikapunguza. Kweli likapata nafuu, tukasonga. Lakini tairi jembamba, ukilipunguza upepo na juu yake ameketi mtu mzima, halina nyama ya kumlinda mtu wala rimu. Gurudumu la nyuma likagonga jiwe la matumbawe lililofukiwa. Nikasikia upepo unatoka. Baiskeli ikayumba, Mjomba akateleza, akakaa mchangani kitako, mkono wenye leso juu kabisa.

"Tambuu salama!" akasema.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwinua, nikampangusa kanzu. Akaniacha nimpanguse mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Athumani, kabla ya kufunga tairi hili ulimuuliza nani?"

Nikamtajia. Bwana Karim, Yohana, wenzangu wa korona.

"Umeuliza mji mzima. Mimi nitakayekaa nyuma hukuniuliza."

Naapa, mwanangu, angenichapa kofi ningesahau siku ya pili. Neno lile mpaka leo ninalo.

Sasa lililonitisha zaidi: Mzee Bakari alikuwa uani kwake, si mbali, naye alikuwa ameona yote. Akatuita kwa mkono. "Njooni nyote wawili! Mshenga hawezi kukaa mchangani nyumba ipo."

"Mjomba, mimi siwezi kuingia pale," nikamnong'oneza.

"Nami siwezi kurudi Mabawa kwa miguu."

Basi mwoaji akaingia uani kwa wakwe na mshenga wake, anasukuma baiskeli isiyo na upepo. Sijui kama lilipata kutokea tena pwani hii. Nikatoa shikamoo, Mzee Bakari akaitikia marahaba, akaagiza beseni la maji ili nitafute pancha. Aliyelileta ni Mwanaidi. Akaliweka chini bila kunitazama, akarudi nyuma ya pazia.

Nikavua tyubu, nikaitumbukiza majini, mapovu yakatoka, nikaona tundu. Nikapangusa, nikakwaruza, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Nilifanya haraka, maana nilitaka kuondoka kuliko nilivyotaka kuoa. Nikaanza kuirudisha tyubu ndani ya tairi.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Yako mawili."

"Mwanaidi!" mama yake akamkemea.

Nikairudisha tyubu majini. Ni kweli. Rimu ilikuwa imeibana tyubu kwenye jiwe, ikaacha matundu mawili yanayokaa jirani, kama meno ya nyoka. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia.

Mzee Bakari alicheka mpaka kofia ikasogea. Kisha akainama, akalibinya tairi langu kwa kidole gumba. "Kijana, hili umelinunulia nini?"

"Mbio, mzee."

"Mbio za wapi?"

"Za uwanjani."

"Na mjomba wako alikuwa anakwenda uwanjani?"

Nikainamia kiraka cha pili.

"Nikikupa binti yangu, atakaa palepale alipokaa mjomba wako. Niambie, atafika?"

Jibu nililipata. Lilinijia alipokuwa amekwisha kuingia ndani.

Leso ya tambuu hakuifungua. Alimrudishia Mjomba, akamwambia, "Hii sijaikataa, na sijaipokea." Tukaondoka na maneno hayo. Njia nzima niliyageuza. Kama hajaikataa, mbona tunarudi nayo? Kama hajaipokea, mbona ametunywesha kahawa na kutusindikiza mpaka njia panda? Nikamuuliza Mjomba, akasema yeye leo kazi yake ni kutembea. Na kweli kwenye mchanga tulitembea, baiskeli katikati yetu kama mgonjwa.

Jumapili nikaenda uwanjani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Kona ya kwanza pedali ikakwaruza ardhi, nikayumba, nikamkumbuka Yohana. Kona zilizofuata nikaiweka ya ndani juu. Baada ya hapo, mwanangu, sikudanganywa: lile gurudumu dogo lilitoka kwenye kila kona kama limeitwa. Nikashinda. Watu wakaninyanyua, nikapewa taa ya kandili. Kaka zake Mwanaidi walikuwako, wakanipigia makofi, wakaniuliza jina kama nilivyoota. Nami juu ya mabega ya watu nikawa najiuliza: mbona hakuna kilichobadilika?

Mjomba akanisogelea. "Hongera. Uwanja umekukubali. Ila uwanja hauna binti."

Usinifahamu vibaya. Tairi jembamba halikuwa baya, na Bwana Karim hakunidhulumu. Jana yake tairi lile lile lilikuwa limeniaibisha, leo limenipa taa. Nilijaribu kuamua kama nilichagua vizuri au vibaya, na kusema kweli ya Mungu sikuweza.

Jumatatu, nilipotoka kazini, sikwenda kwa Yohana wala kwa Bwana Karim. Nilikwenda kwa Mjomba. Nikamsalimu, nikasimama mlangoni, ulimi umeniganda kama kawaida yake. Mwisho nikasema, "Mjomba, wewe ungependa ukae juu ya tairi gani?"

Akanikaribisha ndani. "Leo," akasema, "ndiyo umeanza kuposa."

Akaniambia anataka pana, la ishirini na nane, na gunia likunjwe juu ya keria. Nikafanya hivyo, na Jumamosi iliyofuata tukashika tena njia ya Tongoni. Tulipokata kushoto nikasimama bila kuambiwa, nikapunguza upepo kiasi, tairi likatandaa juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia, tukapita. Nikamshusha mwanzo wa kijiji, nikajificha kama desturi inavyotaka. Lakini Mzee Bakari alipokwisha kuzungumza na Mjomba alimfuata mpaka nilipojificha, akaja moja kwa moja kwenye baiskeli. Kabla hajaitikia shikamoo yangu alilibinya tairi kwa kidole gumba. Ndipo akaitikia, akageuka, akamwambia Mjomba, "Lete hiyo tambuu."

Mwanaidi alifika Mabawa salama. Yale membamba niliyatundika ukutani, nikawa nayafunga msimu wa mbio ukija, na breki nikajifunza kuzishusha mwenyewe.

Sasa wewe, mwanangu, siku hizi unaniletea picha za magurudumu ya gari, makubwa na madogo, mapana na membamba, unataka ya mjini na ya mashindano, unaniuliza lipi. Namba zako zimenishinda kama zilivyonishinda za baiskeli. Ila sikiliza. Usianze na tairi. Anza na njia utakayopita siku nyingi, halafu anza tena na mtu utakayempakia. Ukishayajua hayo, mfuate fundi, naye atakuambia kila gurudumu linakupa nini na linakunyima nini, maana hakuna linalotoa bila kunyima. La uwanjani lifunge uwanjani, ukimaliza livue. Mshika mawili moja humponyoka, na mara nyingi linaloponyoka ni lile lenye mtu nyuma. Na wakikuchanganya wenye kusema kweli, nyamaza kidogo, mgeukie anayekaa nyuma yako, umuulize yeye.

Mungu akupe njia iliyonyooka na akili ya kona. Akupe wa kumpakia, na umfikishe. Na ukidhani umekwisha kuziba tundu lako, akupe mtu nyuma ya pazia wa kukuambia, kama ninavyoambiwa mimi humu ndani hadi leo: yako mawili.